Inchi Moja Nje ya Chaki

Dada yetu tunayemsindikiza leo, fundi cherehani mliyemwita Mama Inchi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba seremala na mama mfua nguo. Mama alisimulia kwamba siku hiyo nguo za watu zilisahauliwa kambani zikalowa mvua, na kwamba huyu ndiye mtoto pekee aliyewahi kumharibia kazi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1974 hadi 1980, na sekondari miaka miwili. Baba alipofariki mwaka 1982, aliacha shule akajifunza kushona kwa shangazi yetu.

Huko kwa shangazi ndiko alikoletewa suruali ya kupunguzwa na kijana mmoja fundi saa. Suruali ile ililetwa mara tatu. Mara ya tatu marehemu aliirudisha juu ya meza akasema, "Kaka, nikipunguza tena itakuwa kaptula. Sema ulichofuata." Walifunga ndoa tarehe 4 Agosti 1990, wakajaliwa watoto wawili.

Desemba 1991 alifungua chumba chake, mlango wa pili baada ya duka la dawa: cherehani mbili, meza ya kukatia, na kioo kirefu chenye ufa chini. Alishona sare za shule kwa miaka thelathini na miwili. Alichora kwa chaki, kisha akakata inchi nzima nje ya mstari na kuikunja kwa ndani, ili mtoto akirefuka mama yake afumue. Wateja walimtania kuwa anashonea majitu. Alijibu kwamba kitambaa kikishakatwa hakirudi.

Kuhusu ugonjwa, wapo walioshauri tupite haraka. Marehemu aliagiza usomwe wote.

Mwaka 2011 aliota kivimbe bega la kushoto, kigumu kama shanga, pale futi yake ya kupimia ilipolala. Hakikuuma, naye akailaumu futi. Tarehe 6 Februari 2013 alitolewa kivimbe hicho na daktari wa hapa mjini, anayesifika kwa kushona vidonda vizuri. Alirudi nyumbani akatufunulia bega. "Tazameni mshono huu," alisema. "Angekuwa fundi kwangu, ningempa kola ashone." Sote tulisifu. Siku hiyo niliandika daftarini: nyuzi saba, safi. Kivimbe chenyewe kilitupwa. Hakuna aliyekipeleka maabara, na katika sisi tuliosifu hakuna aliyeuliza.

Kilirudi pembeni ya kovu mwaka 2016. Daktari yuleyule alisema ni kovu limevimba, akakikata tena, karibu vilevile, na mara hii pia hakukipima. Mwaka 2019 kilirudi kikubwa kama yai, na mumewe akampeleka hospitali ya rufaa. Huko kipande kilipimwa. Ilikuwa saratani ya ngozi isiyo ya kawaida, ambayo hutambaa chini ya ngozi kupita pale jicho linapoona. Daktari bingwa alieleza kuwa atakata mbali na uvimbe, na kwamba kingo zote zitatazamwa kwa hadubini kabla ya kufunga. Marehemu alisikiliza, kisha akasema taratibu, "Kumbe na wewe hukati juu ya chaki." Daktari aliomba majibu ya vipimo vya mwanzo. Hayakuwepo.

Alipasuliwa tarehe 20 Agosti 2019. Kingo tatu zilikuwa safi, wa nne haukuwa safi. Walikata tena baada ya siku tisa, wakaziba kwa ngozi ya paja. Mkono wa kushoto haukupanda tena juu ya bega, na meza ya kukatia ikapunguzwa miguu.

Alipopona alikwenda kwa yule daktari wa kwanza na karatasi zake. Mimi nilifuatana naye. Daktari alisema, "Mama, sikutaka ubaki na kovu kubwa."

Akamjibu, "Watoto wa watu nawaachia inchi ya kukulia. Mimi ulininyima hata nusu."

Novemba 2023 ugonjwa ulionekana mapafuni, ambako hapakuwa na pa kukata. Alifariki nyumbani tarehe 11 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minane. Daktari wa kwanza ametuma shada. Limepokelewa.

Gauni alilovaa leo alilishona mwenyewe mwezi Januari. Alipokonda, binti yake alitaka kulipunguza. Alimzuia mkono: "Liache na inchi yake. Nimebanwa vya kutosha."

Ameacha mume, binti na mtoto wa kiume, mjukuu mmoja, kaka wawili na sisi wadogo zake wawili. Ameacha pia agizo: ukikatwa chochote mwilini, kabla ya kusifu mshono, uliza kilichokatwa kimepelekwa wapi, na kingo zimesemaje.

Apumzike kwa amani, na nafasi imtoshe.