Tunamuaga Mtu Tuliyemkatia Msitu

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kijiji, Baba Mchungaji, Shehe wetu, ndugu wageni waalikwa mliotoka Kigwa na Isikizya, wanakijiji wenzangu, na ninyi tunaowaaga leo, mzee Revocatus na mkewe mama Agnetha: wakubwa wangu, shikamooni.

Mimi Flavia, mwenyekiti wa kitongoji hiki, nimetakiwa kusoma risala ya sifa. Sifa zipo. Nani hapa hajala asali ya mzee huyu? Wakati sisi tunafyeka mashamba ya tumbaku mpaka mpakani, yeye aliacha miti ya mininga na miyombo isimame kwenye eneo lake, akatundika mizinga. Kila kiangazi alifyeka njia ya kuzuia moto, peke yake, na moto uliposhindwa kupita kwake ulishindwa kufika kwetu. Aliotesha miche nyuma ya nyumba akatugawia bure. Tuliipokea kwa mikono miwili, kisha tukaiacha ikaliwa na mbuzi.

Wageni wetu mnaambiwa kwamba mzee anahama kwenda kupumzika kwa binti yake Julieth, Isikizya. Ndugu zangu, hivyo ndivyo tulivyokubaliana kuwaambia. Naona aibu kuyarudia maneno hayo mbele yake.

Msimu uliopita mama Agnetha alilazwa Tabora mjini, na mzee akaenda kumuuguza. Huku nyuma tumbaku ikaiva, mabani yetu ya kukaushia yakakosa kuni, kwa sababu miti yetu tulishaimaliza. Alianza mmoja kukata kwa mzee, mti mmoja tu, wa dharura. Wa pili akasema, mbona fulani amekata? Tulipomaliza, mkokoteni ulikuwa umepita kila nyumba yenye bani, na kwetu pia uliingia.

Mzee aliporudi na mgonjwa wake hakupiga kelele. Alikuja nyumbani, akamkuta mume wangu, Shigela.

"Shigela, kumetokea nini kule kwangu?"

"Mzee, majani yalikuwa yanaoza. Tulibanwa."

"Mlinipigia simu?"

"Hapana, mzee."

"Ilikuwa hewani muda wote. Mngeniomba, ningewaonesha miti ya kupunguza matawi, mkapata kuni na miti ikabaki."

Mimi nilikuwa jikoni, nikashindwa hata kutoka kumwamkia.

Nyuki walihama. Mtu aliyesomesha watoto kwa asali atakaa hapa afanye nini? Na sisi tukachanga, tukanunua blanketi na kitenge, tukaalika ngoma. Tunamsindikiza kwa heshima mtu tuliyemfukuza kwa mashoka. Tunajidanganya wenyewe, au tunamdanganya yeye?

Jana nilimpelekea habari za zawadi hizi. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, blanketi ninalo. Niambieni tu, mwaka huu mtachoma nini?"

Sikulala vizuri. Alfajiri tuliongea na Shigela, tukaenda kwake pamoja. Tumemwambia kwamba shamba la tumbaku tunalipunguza nusu, na sehemu tunayoiacha tunaichimba mashimo ya miti ya kuni, ambayo tutaizungushia miiba mbuzi wasifike. Mpaka ikue, tutakausha majani machache tu, kiasi cha matawi makavu tutakayookota shambani kwetu, na bani tutalijenga upya, liwe la kula kuni kidogo. Hatukumwomba abaki. Tungemwomba kwa uso gani? Alitusikiliza, kisha akauliza kama visiki vya mininga yake tutavilinda, maana vinachipua. Tumekubali.

Mheshimiwa Diwani, ratiba inasema baada yangu ni ngoma na chakula. Naomba radhi kuibadilisha. Mzee ameketi pale. Kila mwenye bani asimame, aende mbele yake, amwambie kuni zake za mwaka huu zitatoka wapi. Asiye na jibu aende hivyo hivyo, amwambie kuwa hana.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Makofi naomba msinipigie.