Risala ya Mafundi wa Karakana kwa Mkaguzi wa Ndege, Siku Ndege Yetu Ilipozivuka Nyaya

Mgeni rasmi, mkaguzi wa vyombo vya anga. Fundi mkuu wetu, ambaye pia ni mjomba wangu. Mafundi wenzangu, wazazi na majirani: tunawasalimu kwa heshima.

KARIBU

Mgeni rasmi, tunafurahi kukuona. Ulipokuja mara ya kwanza hatukukupa hata maji. Tulikuwa tumenuna. Leo tunaomba utusamehe, na kama sauti yangu ni ndogo, naomba unisamehe na hilo pia.

TULIKOTOKA

Ndege hii tumeijenga wenyewe kwa mabomba mepesi na turubai. Mabawa yalishonwa na mama yetu wa cherehani, mke wa fundi mkuu. Injini ya kwanza tuliitoa kwenye pikipiki. Iliinua ndege, fundi mkuu akiwa kwenye usukani, tukashangilia. Lakini ilipofika usawa wa paa la karakana ikagoma kupanda. Ikaenda hivyo hivyo kuelekea kwenye nyaya za umeme zilizoko mwisho wa uwanja.

Mama wa cherehani alipiga kelele, "Panda, baba! Panda!"

Fundi mkuu alikuwa ameshavuta mafuta mpaka mwisho. Hakuwa na cha kuongeza. Aligeuka taratibu, akatua kwenye majani. Aliposhuka alisema, "Nilikuwa natazama mandhari." Hakuna aliyecheka.

Tulidhani tatizo ni uzito tu. Tulikwangua rangi, tukatoboa kiti matundu, na fundi mkuu akapunguziwa chakula. Alimuuliza mkewe, "Hivi nimeoa au nimefungwa?"

Akajibiwa, "Kula hiyo hiyo. Nyaya hazitakuhurumia kwa sababu umeshiba."

Alikonda kweli, lakini tulipojaribu tena ndege ilipanda kidogo tu. Akageuka tena.

Hapo ndipo ulipokuja, mgeni rasmi, ukatukataza kuruka. Ulisema injini yetu inatosha kuibeba ndege lakini haibakizi kitu, na ndege hupanda kwa ile nguvu inayobaki baada ya kujibeba. Ulipoondoka, mchomeleaji wetu alisema, "Huyu hata kufunga nati hajui." Leo amesimama nyuma ya mlango. Ametuomba tumwombee radhi.

MAFANIKIO

Tulipata injini ya gari dogo. Ni nzito kuliko ile ya pikipiki, tukaogopa. Lakini nguvu iliyoongezeka ilikuwa kubwa kuliko uzito ulioongezeka. Asubuhi hii ulituruhusu kujaribu, na umeona mwenyewe. Fundi mkuu alizipita nyaya akiwa juu sana, mpaka anasema zilionekana kama uzi ulioanguka chini.

Mama wa cherehani alikaa kwenye vumbi na nguo yake mpya. Tulipotaka kumwinua alisema, "Niacheni kwanza nipumue." Na sisi tukaona kumbe tulikuwa hatujapumua.

CHANGAMOTO

Uwanja wetu ni mfupi. Jua likiwa kali hewa inakuwa nyepesi, injini inachoka, na ndege inapanda kwa uvivu. Ndiyo maana tumekubaliana kuruka asubuhi tu.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba kibali cha kuruka asubuhi, juu ya uwanja huu.

Pili, tunaomba utusemee kwa watu wa umeme watundike alama kwenye zile nyaya, zionekane kwa mbali.

Ombi la tatu ameliagiza fundi mkuu mwenyewe. Tunamheshimu, kwa hiyo tunalisoma. Anaomba ruhusa ya kuweka kiti cha pili. Abiria wa kwanza ameshachaguliwa, na ni mimi ninayesoma. Mjomba aliniahidi mbele ya watu, na mbele ya watu mimi huwa siwezi kukataa.

Mgeni rasmi, wewe ndiye uliyetufundisha. Mtu wa pili ni uzito, na uzito unakula ile nguvu inayobaki. Kwa maombi mawili ya mwanzo tutakufuata mpaka ofisini. Kwa hili la tatu hatutakusumbua. Una haki ya kulikataa. Ukilikataa leo, hapa hapa, kwa sauti ambayo mjomba ataisikia, hakuna atakayenuna, na mmoja wetu atakuombea kila siku.

Mungu akufikishe nyumbani kwako salama, na kila anayepanda juu amshushe salama.

Ni sisi,
Kikundi cha Mafundi wa Karakana ya Uwanjani.