Sababu ya Kupeleka kwa Mkwe

Kijiwe chetu hapa Ruangwa kina benchi moja la mbao, birika la kahawa la Mzee Harithi, na ubao wa drafti ambao kete zake ni vizibo vya soda. Ijumaa ile, watu walipotoka msikitini, Yunusi alikuja amevaa kanzu iliyonyooshwa kwa pasi, akaketi ukingoni mwa benchi kama mgeni. Mkewe, Munira, alikuwa na siku ya tisa kwao Mbekenyera. Alikuwa ametangulia kuwapikia vibarua wa baba yake, na Yunusi alipaswa kufuata alfajiri na mashine ya kupulizia dawa mikorosho. Mashine haikufika. Mkwe, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, alingoja hadi umande ukakauka majanini, dawa ikawa haishiki tena. Vibarua wakala wali, wakaenda zao. Munira hakurudi. Kilichorudi ni ujumbe wa simu, nao Yunusi alitusomea kwa sauti ya mtu anayesomewa shitaka:

"Njoo Ijumaa baada ya swala umchukue mkeo. Ulete *reason*. Usilete *excuse*."

— Si zote mbili ni sababu tu? aliuliza Mzee Harithi, akimimina kahawa.

— Ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali, alisema Agapiti.

Agapiti tunamwita Kamusi, kwa kuwa anayo kamusi ya Kiingereza, ingawa kurasa zake za mwisho mkewe alizifungia karanga za kuuza. Aliitoa mfukoni, akalowesha kidole.

— *Excuse* hii hapa. Udhuru, kisingizio. Sasa *reason*... Alipekua, akapekua tena. Kamusi yangu inaishia P.

— Basi *reason* tumeshaitafuna na karanga, alisema Hasani.

Hasani ni Wakili. Aliwahi kutoa ushahidi baraza la kata, na tangu siku hiyo hazungumzi bila kukohoa kwanza. Akakohoa.

— Tofauti ni nyepesi, Yunusi. *Reason* ina mashahidi. *Excuse* unakuwa nayo peke yako.

— Nani kakufundisha? aliuliza Kamusi.

— Barazani.

— Wakili, ile kesi ilikuwa ya mbuzi. Na mbuzi alishinda.

— Nyinyi chekeni, alisema Yunusi. Mwenzenu siku ya tisa najipikia ugali, unashika chini. Jana nimempigia Munira, kaniambia, "Baba yuko shambani," akakata. Mimi sikumtaka baba.

Maneno hayo yalitutia huruma, na huruma ikawatia wazee bidii.

— Tofauti ni ukubwa, alisema Kamusi. Kuumwa tumbo ni *excuse*. Kuumwa tumbo ukatundikiwa dripu, hiyo ni *reason*. Mwambie ulitundikiwa.

— Hospitali gani? aliuliza Yunusi. Mwalimu atapiga simu.

— Achana na tumbo, alisema Mzee Harithi. Angalia mnyama. Ukizuiwa na mbwa njiani, *excuse*. Ukizuiwa na tembo, *reason*. Sema alisimama katikati ya barabara pale Nandagala.

— Tembo mmoja Mwalimu atasema ungempita pembeni, alisema Wakili. Wawe wawili.

— Wawili, na mmoja mjamzito, alisema Kamusi.

— Akashikwa na uchungu, alisema Mzee Harithi. Hapo hata mkuu wa wilaya angengoja. Mzazi hafukuzwi barabarani.

— Mashahidi? aliuliza Wakili.

— Tembo mwenyewe.

— Mkwe wangu namjua, alisema Yunusi. Ataniuliza mtoto kaitwa nani.

— Mwambie mmempa jina lake yeye, alisema Mzee Harithi. Atafurahi.

Hapo pikipiki ikasimama. Mwendeshaji alikuwa Ramadhan, kijana aliyehamia kutoka Nachingwea wiki iliyopita, asiyemjua yeyote kati yetu.

— Asalaam aleikum. Nani anakwenda Mbekenyera?

— Ngoja kidogo, mjukuu wangu, alisema Mzee Harithi. Tembo anazaa.

Ikabidi asimuliwe yote: mashine, umande, wali, ujumbe. Alisikiliza kwa adabu, kofia ngumu mkononi.

— Kwani siku yenyewe, kaka, ulikuwa wapi?

Mzee Harithi akainamia birika. Wakili akakohoa, akakohoa tena. Kamusi akarudi kwenye kurasa zake, akitafuta herufi iliyoliwa. Mimi niliutazama ubao wa drafti. Alfajiri ile Yunusi alipita hapa na mashine imefungwa kwenye baiskeli, akasimama anywe kikombe kimoja. Kamusi akamwomba mchezo mmoja. Yunusi akashinda. Wakili akatoa hukumu kwamba bingwa haondoki kabla hajafungwa, nami nikawa naandika matokeo. Alishinda michezo saba. Mashine ilikuwa imeegemea benchi hili hili, na jua likaikuta hapo.

— Nilikuwa hapa, alisema Yunusi.

— Na hawa?

— Wote.

— Basi mashahidi si unao? Nyuma yako inabaki nafasi ya mmoja. Nani anapanda?

Wakili akakumbuka goti, ambalo barabara ya vumbi hulivimbisha. Kamusi akakumbuka kuwa karanga za mkewe zinaungua. Mzee Harithi akasema birika halijawahi kuachwa peke yake. Nami nikajisikia nikitaja barua ya haraka, ambayo hata leo sijaiandika.

Yunusi akatutazama mmoja mmoja, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

— Kamusi, funga kitabu. *Excuse* nimeielewa.

Akamimina vizibo juu ya benchi, akaupachika ubao kwapani, akapanda pikipiki.

— Ubao huo ni wa watu wote, alisema Wakili.

— Ndiyo maana nampelekea Mwalimu, uwe shahidi badala yenu. Jioni atakuja nao Munira mwenyewe, mumwombe yeye.

Pikipiki ikaondoka. Tukabaki na vizibo ishirini na vinne juu ya benchi, na kahawa iliyopoa, kila mmoja akifikiria atakachomwambia Munira.