Kasmir Aaron Shirima, Fundi wa Magobore wa Gerezani

Wapendwa waombolezaji, mliokaa na mliosimama mpaka barabarani, huyu tunayemsafirisha leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1963, kijiji cha Mashati, Rombo, mtoto wa nne wa mzee Aaron Shirima, na tarehe hiyo tumeisoma wenyewe kwenye cheti chake cha ubatizo, neno kwa neno.

Alisoma Shule ya Msingi Mashati kuanzia 1971 hadi 1977, ila somo lililomgeuza alilipata shambani, kwani tarehe 2 Julai 1974 tembo waliingia kwenye mahindi yao, mzee Aaron akashindilia gobore lake kubwa baruti laini ya kuazima, alipofyatua mtutu ukapasuka, chuma kikamng'oa taya la chini lote, na Kasmir, mtoto wa miaka kumi na moja, akamshika baba yake kichwa mpaka damu ikaisha kutoka, na roho nayo.

Alifika Dar es Salaam Januari 1979, akabeba magunia Kariakoo miaka mitano, mpaka tarehe 9 Aprili 1984 alipopokelewa na mzee Abdulmajid, fundi wa bunduki hapa Gerezani, ambaye naye ametangulia, huyo ndiye aliyemfundisha kwamba gobore lenye koo pana hulishwa baruti ya punje nene, inayoungua kwa hatua na kuisukuma risasi, lakini ukililisha laini inawaka yote kwa mpigo mmoja, chuma kinakosa pa kukimbilia. Alipopata leseni yake 1991, kila mteja aliambiwa atumbukize kidole gumba kwenye mdomo wa gobore lake, kikiingia hapewi laini hata alie, na wapo waliolia, maana laini ina mshindo, wanamwambia, "Fundi, hii yako inakohoa, tupe inayonguruma!" naye anawajibu, "Unataka kelele? Kanunue spika mtaa wa pili, huko utapasuka masikio tu." Mwaka 2006 mteja mmoja alimkata panga la bega kwa kunyimwa laini, akashonwa nyuzi kumi na nane, na laini hakuitoa.

Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na Mektilda, hapa hapa Dar es Salaam, wakajaliwa watoto watatu, Theopista, Fortunata na Jovin, na huyu Jovin, aliyekuwa akiuza maharage Kariakoo, alianza kazi kwa baba yake mwaka jana.

Tarehe 8 Juni 2024, Jumamosi, saa mbili asubuhi, alikuja Bwana Sadalla, mkulima wa Rufiji anayesumbuliwa na viboko, yupo pale mbele na kanzu yake, akataka gobore lake lijaribiwe haraka awahi gari la Ikwiriri. Punje nene zilikuwa zimebaki kidogo, Jovin akajaza laini ndani ya mkebe wa baruti, na nene akaitandaza juu, kama tunavyopanga mchele na nyanya siku zote, zile nzuri zinakaa juu. Sheria ya Kasmir ilikuwa risasi ya kwanza ni ya fundi, mteja asiguse, kwa hiyo alichota mwenyewe mkebeni mpaka chini, akashindilia, akaelekeza kwenye lile shimo la mchanga la kujaribia, gobore likafumuka, likamkata mkono wa kushoto kwenye kiwiko, vipande vikamwingia kifuani, ukuta wote ukawa mwekundu. Alifariki hospitali Jumanne tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi.

Wazee wa ukoo, jana kwenye kikao mlisema Jovin kamuua baba yake, asiguse jeneza, asipande gari, na mmoja wenu akampiga ngumi ya mdomo mbele ya mama yake. Basi sikilizeni alichosema Kasmir Jumatatu jioni, mkewe akakiandika pale pale kitandani: "Andika, Mama Theopista. Mtoto kapanga kama Kariakoo nzima inavyopanga. Mimi ndiye niliyefundishwa kumwaga baruti kwenye sinia niikague, sikumwaga, nilikuwa nabishana na Sadalla habari za gari. Niliona juu nikaamini. Jovin asiguswe. Umeandika? Nisomee." Akasomewa yote, akasema, "Hapo sawa."

Kwa hiyo gari la jeneza litakapoondoka hapa saa sita, Jovin atakaa upande wa kichwa, na asiyetaka kusafiri naye ashuke yeye.

Tunawashukuru madaktari na manesi wa wodi ya majeruhi waliopigana siku tatu, majirani wa Gerezani mliofunga maduka, vijana mliombeba kwa mkokoteni gari lilipokosa njia, mafundi wenzake, na Bwana Sadalla, aliyetoa damu yake mara mbili.

Pumzika, Baba Jovin, kwa amani.