Moshi wa Dungu la Bi Thuwaiba

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Bi Thuwaiba binti Gharibu wa Mbwera, aliyezikwa juzi baada ya swala ya alasiri, akiwa na miaka themanini na ushei. Ni yule bibi aliyewasha moto chini ya dungu kila asubuhi, hata shamba likiwa tupu. Watu walimcheka. Hawakujua.

Kabla ya vita vya Maji Maji, Thuwaiba alikuwa bi harusi. Yeye na mumewe, Ussi, waliishi dunguni, kile kibanda cha miguu mirefu, wakifukuza tumbili wasile mpunga. Akawajia msomi wa Kijerumani aliyetafuta udaktari. Si wa kutibu homa, bali wa kueleza jinsi jike la mnyama anayenyonyesha anavyochagua dume. Wakawa wanamwonyesha tumbili.

Vita vikaanza. Msomi akaona akimbilie Dar es Salaam. Akamwambia Thuwaiba, Ussi akisikia, “Twende, umalize nami kazi hii. Huko kuna usalama.”

Thuwaiba akakataa. Ussi naye alikuwa anakwenda vitani, na roho ilikuwa juu. Akamwambia mkewe, “Nikiona moshi wa dungu, nitajua ungalipo.”

“Utauona,” akajibu Thuwaiba.

Msomi akaondoka peke yake. Thuwaiba akabaki, na moshi ukabaki. Kisha askari wakaja wakichoma mashamba. Jumbe Shaabani akapita akifoka, “Zimeni mioto! Wakiona moshi, tumekwisha!”

Thuwaiba akaumwagia moto maji kwa mkono wake mwenyewe. Moshi ukakatika.

Vita vilipokwisha, alikuja Bashiru, mwenzake Ussi. Waride, mjukuu wa nduguye Bi Thuwaiba, anayakumbuka maneno ya Bashiru kama bibi alivyomsimulia: “Shemeji, tulifika ng’ambo ya mto. Ussi akatazama weee, moshi hakuna. Akasema, ‘Kamchagua msomi.’ Akageuka, akarudi vitani. Ndiko alikofia.”

Wasikilizaji wapendwa, mke alikuwapo. Alikuwa amejikunyata dunguni, akimngoja huyo huyo.

Waliomposa baadaye aliwajibu, “Mie nilishachagua.” Akazeeka peke yake, na moto wake. Inauma, jamani.

Kwako Waride, na ukoo wote wa Gharibu, poleni sana. Mungu amlaze pema.

Nasi tuliobaki tujiulize. Kama yuko mtu unayemdhania vibaya kwa kutazama toka mbali, usigeuke. Vuka mto, ukapige hodi.