Bi. Agripina Simeoni na Orodha ya Wakulima 1,846

Ifikapo Jumanne, tarehe 30 Juni 2026, Bi. Agripina Simeoni atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne na karibu miezi mitano ya utumishi katika Ushirika wa Wakulima wa Alizeti Mwangaza, hapa Ihanja. Siku hiyo anastaafu rasmi kwa mujibu wa umri. Ofisini tunamwita Mama Filipo. Wanachama wa vijijini wanamwita Mama Orodha, jina ambalo mwanzoni hakulipenda hata kidogo na sasa analiitikia.

Aliajiriwa tarehe 4 Februari 1992 akiwa karani wa masjala, na orodha yote ya wanachama ilikuwa leja moja yenye jalada jeusi. Mwaka 1997 mbuzi wa jirani aliingiza kichwa dirishani akatafuna kurasa mbili za herufi M. Mama Filipo alichukua baiskeli ya ofisi, akazunguka vijijini siku nne, akaandika upya kila jina lililoliwa. Tangu hapo dirisha la masjala hufungwa, hata jua la Oktoba liwake vipi, na sisi tuliokuja baadaye tumelipa kwa jasho kosa la mbuzi yule.

Kompyuta ilipoletwa mwaka 2011 alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano. Alianza kwa kidole kimoja. Baada ya mwaka mmoja alikuwa anaandika haraka kuliko sisi wote, tena bila kuangalia chini, huku akitusimanga kwa kuacha vikombe vya chai karibu na waya.

Ningeweza kujaza jarida hili lote kwa habari za namna hiyo, maana anazo nyingi. Lakini wenzangu waliponiomba niandike walitaja siku moja tu, Alhamisi ya tarehe 15 Novemba 2018. Nilikuwepo.

Msimu ule ushirika ulikuwa umepata mgao wa mbegu bora za alizeti. Wasambazaji walitaka orodha ya kila mkulima, kijiji chake, ekari zake na kilo anazostahili, iwafikie kwa barua pepe kabla ya saa kumi jioni siku hiyo. Asiyekuwemo hapati. Mwaka uliotangulia watu walikuwa wamepanda mbegu za kuokoteza ghalani wakavuna mapepe, maganda yasiyo na kiini, na mawingu ya mvua yalikwishaanza kujikusanya. Mama Filipo alikuwa ameitengeneza orodha ile kwa wiki saba. Ilikuwa na wakulima 1,846, na faili lake aliliita ORODHA MPYA. Kwa bahati mbaya, kila mtu ofisini aliita faili lake ORODHA MPYA.

Saa saba mchana Mama Filipo alitoka kwenda kula. Bwana shamba wetu, Antipasi, aliingia akitokea kijiji cha Mkiwa na flashi yenye orodha ya wakulima 41 wa kule. Wote walikuwa tayari kwenye orodha kubwa, ila ekari zao zilikuwa zimerekebishwa. Alitaka kumrahisishia kazi mama yetu kwa kulinakili faili lake kwenye kompyuta. Kompyuta ile ilikuwa imewekwa Kiswahili, ikamwambia kwamba faili lenye jina hilo lipo, ikampa kitufe cha kubonyeza kilichoandikwa Badilisha. Antipasi ni mtu wa mnada. Kwake kubadilisha ni kutoa beberu wako ukapewa dume la mwenzako, na kila mmoja anarudi nyumbani na mnyama. Akabonyeza, akaamini kwamba la kwake limeingia kwenye kompyuta na la Mama Filipo limeingia kwenye flashi.

Mama Filipo aliporudi alifungua faili akakuta mistari 41. Alilifunga, akalifungua tena. Ndipo Antipasi, aliyekuwa bado amesimama mlangoni na kofia yake mkononi, alipomwambia kwa upole, "Shikamoo Mama Filipo. Nimebadilisha ya kwangu na ya kwako, yako si ninayo humu kwenye flashi?" Flashi ilipochomekwa ilikuwa na wakulima wa Mkiwa tu, maana kwa kompyuta kubadilisha ni kufuta la zamani na kuweka jipya mahali pake. Sijawahi kuona uso wa mtu ukipauka namna ile, na sisemi uso wa Mama Filipo.

Hakupiga kelele. Alituambia mtu yeyote asiguse kompyuta ile, asihifadhi kitu, asiizime. Alieleza, kama anayefundisha darasa, kwamba kitu kikiandikwa juu ya kingine, kile cha zamani huenda bado kimebaki kwa chini, na kila tunachoongeza kinazidi kukifukia. Akatazama kwenye pipa la taka la kompyuta, hakuna, kwa sababu faili lililobadilishwa halipitii huko. Akatafuta matoleo ya zamani ya faili lile. Hapakuwa na hata moja, kwani hakuna aliyewahi kuiagiza mashine iyatunze. Saa saba na dakika hamsini alikubali kwamba limepotea.

Hapo ndipo aliponiomba kompyuta yangu, mimi Raheli, niliyekuwa msaidizi wake kwa miaka miwili. Alifungua barua pepe yake, upande wa zilizotumwa. Siku tisa kabla alikuwa amemtumia mwenyekiti wa ushirika nakala ili aikague. Mwenyekiti hakuikagua, lakini kwa mara ya kwanza tulimshukuru kwa ukaguzi wake, maana bila huo nakala ile isingekuwepo. Nakala ilikuwa na wakulima 1,632. Mama Filipo aliihifadhi kwa jina jingine lenye tarehe na saa, kisha akatoa kabatini daftari ambalo kila jioni aliandika idadi ya mistari na kila sahihisho alilofanya siku hiyo. Andiko la jana yake lilisema 1,846. Kwa hiyo tulidaiwa watu 214 na masahihisho thelathini na saba, na tulibakiwa na saa mbili.

Tulimwaga mezani boksi la fomu za waliojiandikisha katika siku zile tisa. Mimi nilisoma, yeye akaandika. Antipasi alisimama nyuma akiweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu kwenye kila fomu iliyokwisha, kwa haraka hata vema zikawa kama minyoo. Kila baada ya watu ishirini Mama Filipo alihifadhi nakala mpya, bila kuandika juu ya ile ya nyuma. Ilinikera. Niliona anapoteza dakika. Kisha saa tisa na robo umeme ulikatika, chaji ya kompyuta yangu ikatuvusha kwa dakika kumi na mbili tu, ikazima. Umeme uliporudi tulikuta tumepoteza majina manne tu, yaliyoandikwa baada ya nakala ya mwisho. Tangu hapo mimi ndiye niliyemkumbusha kuhifadhi.

Saa tisa na dakika arobaini na sita fomu ziliisha. Aliingiza masahihisho ya daftari, ekari za Mkiwa zikiwa za mwisho, akahesabu mistari. Ilikuwa 1,845. Tulipekua fomu tena, chini ya meza, ndani ya boksi. Zote zilikuwa na vema. Zikiwa zimebaki dakika tano, Mama Filipo alisema kwamba hawezi kuwazuia watu 1,845 mlangoni kwa ajili ya mmoja, akabonyeza kutuma. Mtandao ulisota. Barua ilienda saa tisa na dakika hamsini na nane, na Antipasi alikaa chini sakafuni.

Wiki iliyofuata Mama Filipo aliweka taratibu ambazo hadi leo zinatulinda. Jina ORODHA MPYA lilipigwa marufuku. Kila faili lina kijiji, tarehe na jina la aliyeliandika. Orodha kuu hufunguliwa na kila mtu kwa kusoma tu, na kuibadili kunahitaji nywila. Matoleo ya zamani yanatunzwa na mashine yenyewe, na nakala ya flashi inalala kabatini. Kila Ijumaa tunaifungua nakala ile kuona kama kweli inafunguka, maana alisema nakala usiyoijaribu ni tumaini tu. Katika miaka saba na nusu hatujapoteza mstari hata mmoja. Watumishi wa ushirika wa Ikungi wamekuja kujifunza kwetu mara mbili.

Habari za mkulima yule mmoja hatukuwahi kumwuliza tena Mama Filipo, na yeye hakusema. Mwezi Mei mwaka huu, akinikabidhi kazi, aliniambia. Mkulima yule alikuwa yeye mwenyewe. Ana ekari mbili upande wa kaskazini wa Ihanja. Sheria yake ilikuwa kwamba fomu isiyo na saini ya kijiji hairuhusiwi kuingia, lakini siku aliyojiandikisha mwenyewe alikuwa na haraka, akaingiza jina lake bila fomu. Alilitambua pengo lile usiku huohuo akiwa nyumbani. Msimu ule sote tulipanda mbegu bora na yeye akapanda za ghalani, akavuna magunia mawili ya mapepe. Hakusema, kwa sababu Antipasi alikuwa ameshaumia vya kutosha. Niliposikia nililia, na sioni aibu kuliandika hapa.

Mama Filipo, shikamoo. Nilimweleza Antipasi. Alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa kijiji na fomu yako ya msimu ujao, akairudisha ikiwa na saini na mhuri. Mimi nimekuingiza, nimehesabu mistari, nimehifadhi, nimenakili, nimeijaribu nakala. Asante kwa kila jina ulilotutunzia. Nenda shambani kwa amani, uwe na afya na siku nyingi njema, na mvua zikianza usihangaike kwenda ghalani, mbegu zako Antipasi atazileta mpaka mlangoni.