Fundi Protase Rwezaura wa Mbio za Motokaa Aachia Usukani
Na Methodius Rweyemamu, Stoo ya Vipuri

Tarehe 30 Juni 1957, Fundi Protase Rwezaura anaweka chini spana zake baada ya kuitumikia karakana yetu ya malori kwa miaka ishirini na minane. Karibu sote hapa Omurushaka tulimkuta kazini, na tulishazoea kudhani kwamba tutamwacha.

Alizaliwa Muleba, akaja Karagwe kijana, taniboi wa lori la kahawa. Kazi ya taniboi siku hizo ilikuwa kulisukuma lori mlimani na kulikimbiza mteremkoni. Akawa dereva, kisha fundi, na mwishowe fundi mkuu. Hasira zake zi karibu: ukisahau nati chini ya lori utamsikia hadi sokoni, lakini kabla ya chai zimeisha.

Mwaka 1936 alitumwa Mwanza kuchukua vipuri, akawaona wazungu wa klabu moja wakishindana kwa motokaa zinazong'aa. Aliporudi hakuwa na habari nyingine. Klabu ile ilitaka mwanachama awe na motokaa mpya na suti. Chama cha Motokaa cha Omurushaka, alichokianzisha Protase mwaka uliofuata, kilitaka uwe na motokaa iliyokataliwa na kila mtu mwingine. Tulifufua mikweche. Viti vilikuwa masanduku ya sabuni, na tairi ikipasuka tuliijaza majani makavu ya migomba, mbio zikaendelea. Jumapili, Wakatoliki wakitoka misa na Walutheri wakitoka ibada, sote tulikutana kwenye uwanda wa nyasi upande wa Mabira.

Mashindano ya Novemba 1938 hayakupata mshindi. Senene, wale panzi watamu wa kukaanga, walishuka uwandani asubuhi, madereva wakazima motokaa katikati ya njia na kuwakimbilia, mwamuzi akiwa wa kwanza. Protase alijaza kofia, akajaza na kisanduku cha spana.

Vita vikaleta uhaba wa petroli, mikweche ikalala. Ilipoamka mwaka 1946 ilikuwa na kelele kuliko zamani, na hapo ndipo chama nusura kife. Uwanda ule ni malisho ya Mzee Kakuru. Ng'ombe wake walishtuka, wakabana maziwa, nyumbani kwake vibuyu vikakauka, naye akatufukuza. Hatukuwa na pengine pa kwenda. Kwingine kote ni migomba na mibuni. Protase alikosa raha kiasi kwamba aliacha kutugombeza, jambo lililotutisha sana.

Akaenda kwa mzee pamoja na mkewe, Kemirembe, binti wa wafugaji. Akatoa shikamoo, akanywa maziwa aliyopewa, akakaa hadi ng'ombe wakarudi zizini bila kutaja motokaa. Mzee mwenyewe ndiye aliyeanza. Alitaka kila motokaa ibebe kibuyu cha maziwa yake yaliyoganda, izunguke uwanda wote mbali na mifugo. Kikirudi salama hata kibuyu kimoja, uwanda ni wetu. Vikimwagika vyote, tusionekane tena.

Siku ile tulishindana kama kawaida yetu, yaani bila akili. Cassian, dereva wetu mwenye mbio kuliko wote, alifika wa kwanza, kifua chote cheupe. Waliomfuata walirudi na vigae. Nilikata tamaa kabisa. Baada ya muda mrefu ikatokea motokaa ya Protase, isiyo na springi hata moja, ikirukaruka kama mwanambuzi, na Kemirembe amekumbatia kibuyu mapajani. Mdomo wa kibuyu alikuwa ameukaza kwa jani la mgomba, kama mama yake alivyomfundisha.

Mzee Kakuru alikifungua, akachungulia, akamwita mkewe, Mama Kyomukama. Ndani lilikuwamo bonge la siagi. Mkweche ule ulikuwa umemaliza kazi ya kutikisa kibuyu inayowachosha wanawake asubuhi nzima. Yule mama alicheka hadi akakaa chini.

"Huyu asifukuzwe, waitu," akamwambia mumewe kwa heshima. "Jumapili aje mapema."

Protase akaziba kelele za ekzosi zetu kwa madebe, ng'ombe wakatulia, na tangu hapo hakuna mashindano yaliyoanza kabla ya vibuyu vya nyumba ile kupakiwa.

Juzi Mzee Kakuru alimletea Protase mtamba mwenye mimba. Wafugaji wa huku wakikupa ng'ombe wamekufanya ndugu, na Protase alilia mbele yetu bila kujificha. Kisha akaandaa lori la kumpeleka mtamba Songambele, anakohamia. Mzee akakataa katakata: mnyama wake hapandi lori, atatembea, na Protase mwenyewe amchunge. Basi mtu aliyeishi juu ya magurudumu miaka yote hii anastaafu kwa miguu, fimbo mkononi.

Fundi, ahsante kwa kazi, kwa makelele na kwa Jumapili zetu. Songambele ikupe maziwa tele na usingizi wa mchana, wewe na Mama Kemirembe. Jumatatu asubuhi tangulia na ng'ombe wako. Chama kizima kitakuja nyuma yako, gia ya kwanza, na hakuna atakayepiga honi.